Soksi ya Upepo Iliyogeuzwa Bendera

Nyie mliotoka chuoni juzi na vyeti vyenye mihuri ya rangi mbili, nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kazi ya uwanja wa ndege. Nimekubali, ila msisome mkitegemea nitawasifia wakubwa. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye uwanja wa Mpanda, na katika miaka hiyo sikuona mawingu yakiharibu mengi. Waliokuwa wakiharibu ni watu waliosimama chini, kivulini, wakitoa amri.

Kwanza niwaambie tulikuwa na nini, maana mnadhani uwanja huanzia kwenye mnara na vioo. Katikati ya miaka ya sabini sisi hatukuwa na mnara, wala redio ya kuongea na rubani. Tulikuwa na njia moja ya changarawe inayokwenda mashariki na magharibi, kibanda cha bati, pipa la chokaa ya kupaka mawe ya pembeni, mafyekeo, na baiskeli yenye kengele ya kufukuzia ng'ombe. Na tulikuwa na soksi. Ndivyo tulivyokiita kile kitambaa kirefu chenye mdomo mpana na mkia mwembamba, kinachofungwa juu ya mlingoti. Upepo unaingia mdomoni, mkia unanyooka upande upepo unakoelekea. Rubani anazunguka juu mara moja, anaitazama, anajua atue akiwa ameelekea wapi. Ndege hutua ikiutazama upepo usoni, kwa sababu upepo wa mbele huisaidia kusimama. Ikitua upepo ukiwa mgongoni, inasukumwa, na njia inaisha kabla ndege haijamaliza mwendo. Hilo hata mbuzi wa Kawajense, majirani wa uwanja, walilijua, maana walikuwa wakikimbilia upande ulio salama kabla yetu.

Msidhani uwanja ulikuwa umelala. Makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yalikuwa yamefunguliwa kule Katumba, na ndege ndogo zilikuja na dawa, na waganga, na wageni wa kuja kuangalia wageni wengine wanafanya nini. Ndege ya misheni ilikuja karibu kila siku. Zipo asubuhi tulizopokea ndege nne kabla jua halijafika utosini. Kwa njia moja ya changarawe isiyo na redio, huo ni msongamano.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lusambo, Mbende kwa kabila, mtunza uwanja mkuu. Mkuu maana yake tulikuwa wawili. Mimi nilitoka Litapunga nikiwa mfyeka majani, yeye akanipandisha nikawa mwandishi wa daftari la hali ya hewa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Hakuwa mtu wa kufoka. Nilimwita tata, kama tunavyowaita baba zetu kwetu, naye akaniita mwanangu hata siku niliyomkasirisha.

Mafundisho yake hayakuandikwa mahali, kwa hiyo nayaandika hapa. Alisema upepo una mashahidi wanne: soksi, moshi wa majikoni, vilele vya miti, na vumbi la barabarani. Shahidi mmoja akisema peke yake, usihukumu. Alinifundisha kumwaga kiganja cha vumbi kutoka usawa wa bega na kuangalia linaangukia wapi. Alinifundisha kwamba kabla ndege haijatua unakagua njia yote kwa baiskeli, siyo kwa macho, kwa sababu kichuguu kinaota usiku mmoja na mtu mvivu anakiona kuwa kivuli. Na alinifundisha hili, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu: "Soksi ikiwa inasema uongo, ishushe. Rubani asiyeona soksi atatafuta moshi. Rubani anayeona soksi hatafuti kitu kingine."

Alikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa ya heshima. Kila jioni alishusha soksi ili umande usioze kitambaa. Lakini aliishusha akiwa amesimama wima, miguu imebanwa, kofia kwapani, kisha aliikunja pembe kwa pembe kama vile wanavyokunja bendera shuleni. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Kitu kinachookoa watu usikitupe chini kama gunia." Watu waliopita barabarani walimwona kila siku, nao wakasimama. Watoto wa shule wakasimama. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama mpaka mwisho, maji yakimchuruzika shingoni. Baada ya mwaka mmoja, mji mzima uliamini uwanja wa ndege una bendera yake. Tulicheka, mimi na yeye. Tusingecheka kama tungejua kicheko hicho kinaelekea wapi.

Ndipo zikaja helikopta.

Zilikuwa mbili, za mafunzo, zenye marubani vijana wa jeshi na mkufunzi mmoja, Kapteni ambaye sitamtaja jina. Mji ulimwita Kapteni Miwani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona macho yake. Kufundisha marubani porini ni jambo jema, sina neno. Kutoka Mpanda kwenda Sibwesa kulikuwa na pori la kutosha kufundishia helikopta mia, bila kumsumbua mtu isipokuwa tembo. Lakini porini hakuna chai, hakuna kivuli cha bati, na hakuna watu wa kupiga makofi. Kwa hiyo mafunzo ya porini yakaamuliwa yafanyike pembeni ya njia yetu, palepale ndege za dawa zilipokuwa zikitua.

Mpanda haikuwahi kupokea mgeni bila kamati. Ikaundwa kamati ya mapokezi, na mwenyekiti wake alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba, aliyewahi kupokea wageni wengi na hakuwahi kujua walichokuja kufanya. Akajenga jukwaa la miti na nyasi karibu na upande wa magharibi wa njia. Akalizunguka. Akaona lina upungufu. Akamwita Mzee Lusambo, nami nilikuwepo na fyekeo mkononi.

"Mzee, jukwaa langu liko uchi. Ile bendera yako ilete hapa."

"Ile siyo bendera, Mwenyekiti. Ni soksi ya upepo."

"Inapepea?"

"Inapepea."

"Iko juu ya mlingoti?"

"Iko."

"Na jioni unaishusha kwa heshima, mji mzima unaona?"

"Naishusha."

"Basi usinichoshe. Hamisha leo."

Mzee alimweleza kwamba soksi ilisimama mahali pa wazi kwa sababu, kwamba jukwaa litakinga upepo, kwamba amri ya namna hiyo inahitaji karatasi. Mwenyekiti alisema karatasi zitakuja. Nyie vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: mtu anayekuambia karatasi zitakuja anakuomba ubebe dhambi yake mpaka zifike. Tulichimba shimo jipya siku hiyohiyo, tukauhamisha mlingoti mpaka ubavuni mwa jukwaa.

Mapokezi yenyewe yalikuwa funzo ambalo hakuna aliyejifunza. Kwaya ilipangwa mbele, wazee wakakalishwa kwenye mikeka, na akina mama wa Mpimbwe waliokuwa mjini walipika wali wa mchele wao, ule unaonukia, wakaufunika kwa sahani. Mimi nilimwambia Mwenyekiti kwamba chombo kile kinashuka na upepo wake chenyewe. Akanijibu kwamba hata yeye amewahi kuona feni. Helikopta ya kwanza iliposhuka mbele ya jukwaa, nyasi za paa ziliondoka zote kwa pamoja kama kundi la ndege. Mikeka ikafuata. Mwalimu wa kwaya alibaki na fimbo yake ya kuongozea, waimbaji wakiwa wamelala kifudifudi. Wali ulipofunuliwa ulikuwa na rangi ya barabara ya Sumbawanga. Kapteni akashuka, akarekebisha miwani, akasema, "Asanteni kwa mapokezi mazuri." Siku ya pili kamati ilikutana na kuazimia viti vifungwe kamba.

Viti vikafungwa. Mlingoti ukaachwa.

Kila asubuhi baada ya hapo, helikopta moja iliinuka mbele ya jukwaa, upande wa magharibi wa mlingoti, ikaning'inia hewani kimo cha watu wawili, ikakaa palepale. Hilo ndilo somo gumu kwa rubani wa helikopta, kukaa bila kwenda, na vijana wale walihitaji kulirudia mara nyingi. Lakini mapanga yake yalikuwa yakisukuma upepo chini, na upepo ukifika chini unakwenda pembeni pande zote. Mimi niliyekuwa naandika hali ya hewa kila saa niliona kitu kilichonifanya nifute daftari mara ya kwanza tangu nianze kazi. Wakati wa kiangazi kwetu upepo hutoka mashariki, asubuhi mpaka jioni, kama mtu wa ajira. Mkia wa soksi hutazama magharibi. Helikopta ilipoinuka, mkia uligeuka ukatazama mashariki. Moshi wa Kawajense ulikwenda magharibi, soksi ikakwenda mashariki. Shahidi mmoja alikuwa amehongwa.

Nilikwenda kwa Kapteni. Alikuwa anakunywa chai.

"Afande, helikopta ikining'inia pale inaigeuza soksi. Ndege ya misheni ikija itadanganyika."

"Wewe ni nani?"

"Mwandishi wa hali ya hewa, afande."

"Basi andika hali ya hewa. Upepo wa helikopta ni wa helikopta, hauhusiani na ndege nyingine."

Wale marubani vijana walicheka, kwa kuwa alicheka. Nilirudi kwa Mzee nikamweleza. Akasema, "Na mimi nilikwenda jana. Niliambiwa mfyeka majani afyeke majani." Akaendelea kunoa fyekeo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mwanangu, ukisikia ndege nami nikiwa mbali, usiombe ruhusa kwa mtu. Kamata kamba, ishushe."

Sasa nawaeleza siku yenyewe, na hapa sitajificha.

Ilikuwa asubuhi ya wageni. Kapteni alikuwa amewaalika watu wa kamati waone maendeleo ya mafunzo, nao walikaa jukwaani kwenye viti vyao vilivyofungwa kamba. Helikopta ilikuwa inaning'inia mahali pake. Mzee alikuwa amekwenda na baiskeli mwisho wa mashariki, ambako ng'ombe walikuwa wameingia njiani. Mimi nilikuwa chini ya mlingoti. Nikasikia mlio ambao niliujua, wa ndege ya misheni, na rubani wake alikuwa Bruda mmoja mzungu aliyeishi kwetu miaka mingi mpaka akawa analalamika kuhusu bei ya dagaa kama sisi. Alikuwa amebeba masanduku ya chanjo na muuguzi mmoja wa Katumba, binti aliyeitwa Adela.

Niliishika kamba. Nilifungua fundo la kwanza. Nikatazama juu, soksi inasema uongo mchana kweupe. Nikatazama jukwaani, kamati yote ilikuwa inanitazama mimi. Mwenyekiti alinyoosha kidole na kukitikisa, taratibu, kama anavyomkataza mtoto asiguse sukari. Nikajisemea: bendera haishushwi mchana mbele ya wageni. Mimi, niliyejua kuliko mtu yeyote pale kwamba ile siyo bendera. Nililifunga tena lile fundo.

Bruda alizunguka mara moja. Akaiona soksi. Akaja kutokea mashariki akiwa ameelekea magharibi, upepo wote wa Mpanda ukiwa mgongoni mwake. Magurudumu yaligusa katikati ya njia badala ya mwanzoni. Nilimwona akipita mbele yangu kwa mwendo ambao ndege hazipaswi kuwa nao zikiwa chini. Njia ikaisha. Ndege ikaingia mtaroni, ikainamisha pua na kuinua mkia, ikatulia. Masanduku yalipasuka. Bruda alivunjika mkono. Adela aliteguka bega, akatoka mwenyewe kupitia mlangoni, akaketi kwenye ukingo wa mtaro na kuuliza kama chanjo zimepona.

Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo mapema ili msinisome mkisubiri maiti. Lakini mtu alitafutwa wa kubeba lawama, na mtu huyo lazima awe mwenye cheo kidogo kuliko wote waliokuwepo, ila kisiwe kidogo kiasi cha kuonekana kichekesho. Mimi nilikuwa mdogo mno. Wakamchukua Mzee Lusambo.

Mwenyekiti alisema hakuwahi kuagiza mlingoti uhamishwe, na kama kuna anayedai hivyo alete karatasi. Kapteni alisema soksi ni mali ya uwanja na mtunza uwanja ndiye anayehakikisha inaonyesha upepo sahihi. Sentensi hiyo ilionekana nzuri sana, watu wakairudia. Nikamuuliza mmoja wao, soksi unaihakikishaje, unaibembeleza? Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Barua ya kumfukuza bila kiinua mgongo ilikuwa imeshapigwa taipu, ikasubiri tu mkaguzi aje kutoka Dar es Salaam athibitishe.

Mkaguzi alikuja kwa treni, mtu wa makamo, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na fomu yenye vyumba vingi. Sikumchukia. Alikuwa na tabia moja tu mbaya, aliamini kila kilichokuwa ndani ya vyumba vya fomu na hakuamini chochote kilichokuwa nje. Alikaa kwenye kibanda chetu, meza ikiwa dirishani, na dirisha lilitazama jukwaa na mlingoti, mwendo wa hatua mia na hamsini hivi. Mezani kwake ilikuwepo ile barua. Nilimweleza habari ya kamba. Nilimwambia, Ndugu Mkaguzi, mimi ndiye niliyepaswa kuishusha soksi, nilifungua fundo, nikalifunga kwa woga. Andika jina langu.

"Hilo siyo swali," akasema, na akageuza ukurasa. "Soksi iligeuzwa na nini?"

"Na helikopta."

Kapteni, aliyekuwa ameegemea mlango, akacheka. "Ndugu Mkaguzi, helikopta ilikuwa mbali na mlingoti. Inaelea tu, kama unyoya."

Mkaguzi aliniangalia kana kwamba nimemwambia tembo ameiba baiskeli. Nikaona namna mambo yanavyokwenda. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na Bruda, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa shingoni, na wote wawili walitazama sakafu. Ushahidi wangu ulikuwa maneno ya mfyeka majani wa zamani dhidi ya miwani ya Kapteni. Na hapo nikakumbuka kwamba mtu mwenye majivuno huhitaji kuombwa mara moja tu.

"Afande," nikasema, kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hata mimi ilinichefua, "Ndugu Mkaguzi ametoka mbali. Hajawahi kuona namna unavyoikalisha helikopta hewani bila kutikisika. Hata sisi tunapenda kuona ukiendesha mwenyewe, siyo wale vijana."

Mzee Lusambo aliinua kichwa.

"Sidhani kama ana muda," Kapteni akasema, huku tayari anavaa kofia.

"Niko hapa mpaka treni ya kesho," akasema Mkaguzi, akijaza fomu. "Fanya kama ulivyokuwa ukifanya. Mahali palepale."

Kapteni akaenda, akitembea kama bwana harusi. Mkaguzi akatazama saa, kisha dirishani, akaandika na kusema kwa sauti, maana alikuwa na desturi ya kusema anachoandika: "Saa nne na robo. Upepo kutoka mashariki, wa wastani."

Mlio ukaanza. Vumbi likapanda nyuma ya jukwaa. Helikopta ikainuka, ikasimama hewani magharibi mwa mlingoti, na lazima niseme ukweli, ilikaa kama imepigwa misumari. Kapteni alijua kazi yake. Ndiyo sababu namdharau zaidi kuliko ambavyo ningemdharau mjinga. Mkaguzi aliitazama kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye vyumba vyake. Chumba kilichofuata kilitaka hali ya upepo tena baada ya robo saa. Aliangalia saa. Akaangalia dirishani, siyo kwenye helikopta, bali juu, kwenye ncha ya mlingoti, kama alivyofundishwa na kama alivyofundishwa kila rubani. Akaandika, huku akipaza sauti kuushinda mlio: "Saa nne na nusu. Upepo umegeuka. Sasa kutoka magharibi, wenye nguvu."

Bruda alijiinua kwenye benchi kwa mkono wake mzima, akaja mpaka mezani, akaisoma ile sentensi.

"Ndugu Mkaguzi," akasema, "na mimi niliandika hivyohivyo. Ila mimi niliandika kwa magurudumu."

Mkaguzi alitazama karatasi. Akatazama dirishani, moshi wa Kawajense unakwenda magharibi bila wasiwasi. Akatazama karatasi tena. Nimewaona watu wakipokea habari za msiba kwa uso mwepesi kuliko ule. Mzee Lusambo alitoka nje ya mlango, akachota vumbi, akalimwaga kutoka usawa wa bega lake mbele ya dirisha, polepole. Lilikwenda magharibi, likaangukia viatu vyake. Alirudi akaketi.

Mlio ulipozimika, soksi ilirudi mahali pake kama mtoto aliyeachiwa sikio. Kapteni akaja akipangusa jasho, akauliza, "Mmeonaje?"

"Vizuri sana," akasema Mkaguzi. "Naomba unisainie hapa, kwamba uliruka mahali palepale, kwa namna ileile."

Akasaini. Aliisaini kwa herufi kubwa, yenye mkia.

Taarifa ya mwisho niliiona baadaye. Msidhani iliandika kwamba Kapteni alikosea, au kwamba Mwenyekiti alidanganya. Ilisema ajali ilitokana na "mazingira ya upepo yasiyo ya kawaida katika eneo la jukwaa." Upepo ndio mtumishi pekee katika nchi hii ambaye hana mtu wa kumtetea. Kapteni alihamishiwa kwingine, wakasema kwa sifa njema. Helikopta zilipelekwa porini upande wa Sibwesa, mahali ambapo zingepelekwa tangu mwanzo na mtu yeyote mwenye akili ya kuchagua kivuli chake. Mwenyekiti aliendelea kupokea wageni. Bruda naye nilimwambia ukweli wake alipopona: hakutazama moshi, na rubani asiyetazama moshi anastahili mtaro. Alikubali. Ndiyo maana aliishi miaka mingi akiruka.

Lakini ile barua ya Mzee, Mkaguzi aliikunja mara mbili mbele yetu, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu zake, na hatukuiona tena. Mzee alipata mwaka wake.

Jioni ileile, kabla Mkaguzi hajaondoka kibandani, Mzee alimwendea akiwa na jembe.

"Ndugu Mkaguzi, nirudishe mlingoti mahali pake?"

"Subiri barua, Mzee. Mambo haya yana utaratibu. Usihamishe kitu kwa maneno matupu, umeona yaliyokupata."

"Nimeona," akasema Mzee. Akaenda kuanza kuchimba. Mimi nikachukua koleo nikamfuata, na kabla giza halijaingia soksi ilikuwa mahali pa wazi, mbali na jukwaa, mkia wake ukitazama magharibi.

Barua ilifika baada ya masika, majani yakiwa yametufika kiunoni. Ilikuwa na saini tatu na mhuri. Iliagiza kwamba, baada ya tafakari ya kina, mlingoti wa soksi ya upepo katika uwanja wa Mpanda uondolewe mara moja kutoka mahali ulipo sasa. Niliisoma kwa sauti nikiwa nimesimama chini ya mlingoti wenyewe. Kama tungeitii neno kwa neno, tungeurudisha jukwaani.

Mzee aliacha kufyeka, akasikiliza mpaka saini ya tatu.

"Wajibu kwamba tumetekeleza," akasema, na akaendelea kufyeka.